Gari la Mwalimu Lazima Litembee

Tangazo lilibandikwa ukutani chini ya ngazi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano kila mtu wa jengo lile alikuwa amelielewa kivyake. Lilisema: "Gari lolote lisilotembea kwa siku thelathini litahesabiwa kuwa chuma chakavu na litaondolewa. Nafasi za kuegesha ni za magari yanayotembea." Chini yake sahihi ya Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi. Kinyozi wa ghorofa ya kwanza, ambaye hana gari wala baiskeli, alidhani anaambiwa yeye aondoe jokofu lake bovu uani, akaanza kulisukuma peke yake huku akilaani. Bibi wa ghorofa ya tatu akauliza kama na watu wasiotembea nao wataondolewa, maana magoti yake yana miezi miwili hayajashuka ngazi. Watu wakacheka. Mama Cherehani, mshonaji wa ghorofa ya pili, hakucheka. Alilisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole, kisha akapanda ngazi polepole.

Maana gari lisilotembea lilikuwa moja tu. Lilikuwa dogo, jeupe, rangi imechubuka milangoni, limekaa kwenye nafasi ya nne kutoka getini tangu mwaka juzi, na mwenyewe alikuwa baba mkwe wake. Mzee yule alifundisha watu udereva kwa miaka thelathini na minane, na jina lake kwa kila mtu lilikuwa Mwalimu. Siku hizi akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Angeweza kukuuliza wewe ni nani mara tano kabla chai yako haijapoa. Lakini ikigonga saa mbili asubuhi alivaa shati la mikono mirefu, akashuka, akalizunguka gari lake mara moja, akayapiga matairi kwa ncha ya kiatu, akafungua mlango na kuketi. Akaketi kiti cha pembeni, siyo cha usukani. Hapo alikaa mpaka saa sita mchana, mikono magotini, anatazama mbele. Majirani walilichekea jambo hilo chinichini: mwalimu mzima wa udereva amesahau hata dereva anakaa wapi!

Wacheke. Gari lile ndilo lililomrudisha nyumbani. Akitoka ndani yake alijua njia: ngazi, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Mwaka uliopita mafundi wa bomba walichimba uani, gari likasukumwa mpaka kwenye mapipa ya taka, na siku ileile mzee alishuka, akaitazama nafasi yake iliyochimbuliwa, akatoka getini kimya kimya. Walimpata jioni kwenye kituo cha mafuta upande wa pili wa mji, kiatu kimoja mguuni, akimwomba mhudumu amwonyeshe kwao. Tangu siku hiyo binti yake aliyeolewa mbali akipiga simu husema neno lilelile: "Mfungieni." Yaani mlango wa kijani upigwe kufuli kwa nje, mzee abaki ndani. Mama Cherehani na mumewe walikuwa wameapa hawatafanya hivyo. Kumfungia Mwalimu ndani kama kuku! Lakini nafasi ya nne ikienda, ni kipi kingine kingebaki?

*

Mumewe alirudi kazini jioni. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na nguo zake zilinukia usafi hata siku aliyochafuka.

"Umelisoma?" mkewe akamuuliza kabla hajavua viatu.

"Nimelisoma. Halituhusu."

"Halituhusu vipi?"

"La baba siyo chuma chakavu. Lina injini, lina matairi manne, lina kila kitu."

"We bwana, wameandika lisilotembea. La baba linatembea?"

"Linaweza kutembea."

"Likiendeshwa na nani? Na mimi? Na wewe?"

Mume akainama, akakazana na kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafunguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa aibu ya nyumba ile: mtoto wa Mwalimu hakujua kuendesha gari. Wakimuuliza kazini alisema, "Sikujaliwa," akageuza mazungumzo. Mzee mwenyewe daktari alishamkataza usukani, na betri wao wenyewe ndio walioing'oa wakaiuza, asije siku moja akawasha na kwenda zake.

"Nitaongea na Karani, yule mwenyekiti wao," mume akasema mwishowe.

"Kaongee. Na usije ukarudi na 'tutaona'."

Mzee alikuwa mezani, anasikiliza kwa makini. "Gari la nani hilo halitembei?" akauliza.

"La mtu mmoja tu, baba," mkwe wake akamjibu.

"Alipeleke kwa fundi," mzee akasema, akaendelea na chai yake.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa karani wa mahakama mstaafu, na hakuwa amestaafu moyoni. Sebule yake ilikuwa na meza moja kubwa, majalada yamepangwa, na kiti kimoja kigumu cha mgeni. Siku ile viti vilikuwa viwili. Cha pili alikikalia Nesi, mama wa ghorofa ya chini, bado yumo kwenye sare zake za hospitali.

"Keti. Una lalamiko au ombi?" Karani akauliza.

"Sina lalamiko. Nataka tu kuelewa."

"Basi ni ombi." Akaandika.

Mume alieleza. Alieleza habari za mzee, za kituo cha mafuta, za kiatu kimoja. Alijisikia kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu, lakini alieleza yote. Karani alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mimi mwenyewe Mwalimu ndiye aliyenifundisha. Sina ugomvi naye hata chembe. Lakini tuna nafasi saba na magari tisa."

"Na langu ndilo la nane," Nesi akadakia. "Nalaza gari barabarani mwaka mzima sasa. Vioo vya pembeni vimeng'olewa vyote viwili. Nikitoka zamu naendesha kwa kukisia, shingo nimeigeuza hivi. Kodi nalipa sawasawa na ninyi, au siyo?"

"Ni kweli, Nesi. Lakini hali ya mzee unaijua."

"Naijua kuliko wewe, kaka yangu. Wagonjwa wa namna yake nawauguza kila siku. Ndiyo maana nakwambia usinikasirikie: leo anakumbuka gari, kesho hata gari atalisahau. Sasa mimi nisubiri kesho hiyo mpaka lini?"

Mtunza stoo alikuja na maneno mengi ya ukali, yote yakamkauka mdomoni. Alitaka yule mama awe mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, macho mekundu, anadai kitu ambacho yeyote angekidai. Kama Nesi ana haki, na baba ana haki, mwenye makosa ni nani? Aliyepanga nyumba kumi na mbili juu ya nafasi saba hakuwa pale kuulizwa.

Karani akagonga kalamu mezani. "Kamati inaamua hivi. Jumapili saa nne asubuhi, gari la Mwalimu litoke getini lenyewe kwa injini yake, lizunguke mtaa, lirudi. Likirudi, ni gari. Lisiporudi, ni chuma. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakasema wote wawili, na kila mmoja akatia sahihi. Mume aliporudi nyumbani mkewe alimuuliza wamekubaliana nini. Alieleza mara mbili, na mara zote mbili yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ameshinda au ameshindwa.

*

Fundi wa magari alikuja Jumamosi na betri ya kuazima, akamwaga mafuta kidogo, akapuliza hiki, akagonga kile, na injini ikakohoa, ikanguruma. Mama Cherehani alipiga kigelegele pale pale uani, sindano bado zimo kwenye kola yake. "Kesho saa tatu na nusu niko hapa," fundi akaahidi. "Nalitoa mwenyewe, nazunguka, narudisha. Kazi ndogo hiyo, mama."

Jumapili saa tatu na nusu hakuonekana. Saa nne kasoro kumi mume akampigia simu.

"Niko njiani, bosi, nimeshakaribia kabisa," fundi akasema, na nyuma ya sauti yake maji yalisikika yakimwagika kwenye ndoo, na mtu akauliza sabuni iko wapi.

"Njiani bafuni?" mume akafoka. Simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Karani alikuwa ameshateremka na jalada lake kwapani na saa mkononi. Kinyozi aliacha duka. Bibi wa ghorofa ya tatu alitoa kichwa dirishani. Wengine walijitia wanaanika nguo. Na Mwalimu, kama kawaida yake, alikuwa ameketi ndani ya gari kiti cha pembeni, shati limenyooshwa, anangoja.

"Saa nne na dakika sita," Karani akatangaza. "Dereva yuko wapi?"

Mume alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye, na kwa jicho lile alimwambia yote: kufuli, mlango, mzee anagonga kwa ndani. Mtunza stoo alifuta viganja kwenye suruali. Alifungua mlango wa dereva, akaingia.

"Hee! Si hajui kuendesha huyo?" Kinyozi akauliza.

"Nyamaza," Mama Cherehani akamwambia, roho iko mkononi.

*

"Umechelewa dakika saba, kijana," Mwalimu akasema bila kugeuka.

Sauti ilikuwa nyingine. Haikuwa ile ya mezani inayopapasa maneno. Mwanawe alishtuka.

"Samahani, Mwalimu."

"Samahani haiwashi gari. Vuta kiti. Rekebisha kioo. Unaona nini kwenye kioo?"

"Naona... naona Kinyozi."

"Basi kioo ni kizuri. Mguu wa kushoto klachi, wa kulia breki. Usiogope, na mimi ninazo hapa."

Mwana akatazama chini ya miguu ya baba yake. Pale chini, upande wa pembeni, palikuwa na breki ya pili na klachi ya pili. Zimekuwepo siku zote, kama ilivyo kwenye gari lolote la kufundishia, na miguu ya mzee ilikuwa imetua juu yake bila kuzitafuta. Kumbe mzee hakusahau kiti. Miaka miwili watu wamecheka, naye mwanawe amecheka kwa aibu pamoja nao, na muda wote huo baba alikuwa amekaa kazini kwake, anangoja mwanafunzi.

"Mikono inakutetemeka," Mwalimu akasema. "Wote huanza hivyo. Washa. Gia ya kwanza. Achia klachi kidogo kidogo. Kidogo, nimesema. Haya, tumeondoka."

Na kweli waliondoka. Gari lilipita getini kwa kurukaruka, nyuma watu wakashangilia na wengine wakakimbilia ukutani. Mtaa wa Jumapili ulikuwa kimya. Walipofika kwenye kona ya kwanza, gari likazima.

Mwana alipandisha mabega, akafumba macho, akangoja kofi. Hakujua kama ataliogopa tena katika umri ule. Alikuwa na miaka kumi na sita mara ya mwisho, gari lilizima mara tatu mfululizo njia panda, watu wanapiga honi, na Mwalimu akamzaba kibao mbele ya wanafunzi wawili waliokaa kiti cha nyuma, akisema watoto wa watu wanaelewa, yeye ana kichwa cha jiwe. Alishuka pale pale, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakuushika usukani tena maisha yake yote.

"Limezima," Mwalimu akasema kwa upole. "Gari huzima, hiyo ndiyo kazi yake. Toa gia. Washa. Tunaanza upya, hakuna anayetukimbiza."

Akawasha. Wakakata kona. Baada ya nyumba chache mzee akasema, kana kwamba anaongea na kioo, "Nina kijana wangu nyumbani, umri kama wako. Huyo hakutaka kujifunza. Nilimngoja sana. Sijui hata alikasirika nini."

Mwana alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo tayari, ameyabeba miaka mingi: ulinipiga, baba, ulinipiga mbele za watu. Lakini angemwambia nani? Aliyepiga alishasahau, na huyu aliyekaa hapa hakuwa amempiga mtu. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akakosa cha kutanguliza. "Angalia mbele, kijana," Mwalimu akasema. Akaangalia mbele.

*

Huku nyuma, Nesi alikuwa anatoka zamu. Alifika getini na gari lake jekundu lisilo na vioo, akakuta nafasi ya nne iko wazi na watu wamejaa uani. Kinyozi, kwa bidii yake ya kuelewa mambo kinyume, akampungia mikono miwili. "Ingia, Nesi, ingia! Limeondoka!" Nesi akaingia, akazima gari, akalaza kichwa kwenye usukani akapumua. Mama Cherehani alipiga kelele, lakini tayari gari jeupe lilikuwa linaingia getini, taratibu, limenyooka.

Likasimama katikati ya uwanja. Hapakuwa na pa kwenda.

"Mimi nimeambiwa limeondoka!" Nesi akasema, ametoka na funguo mkononi.

"Limeondoka kurudi!" Mama Cherehani akafoka. "Hamkuandikiana kwamba lirudi?"

Wote wakamgeukia Karani. Karani akafungua jalada, akasoma, akasoma tena, kisha akavua miwani. "Imeandikwa lirudi," akasema kwa sauti ndogo. "Haikuandikwa lirudi nafasi ipi." Ndipo kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Kuna aliyedai nafasi ni ya anayewahi, kuna aliyedai Mwalimu ameonewa, na Kinyozi alikuwa anaomba radhi kwa mtu asiyehusika.

Nesi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtazama mzee kupitia kioo cha mbele. Mwalimu ameinama, anaangalia gari jekundu, kisha ngazi, kisha gari jekundu tena, na ule uso wa saa nne uliokuwa umenyooka unaanza kulegea. Sura hiyo Nesi aliijua vizuri. Aliingia garini mwake, akageuza shingo vile alivyozoea, akalitoa, akalipeleka nje barabarani.

"Siku moja tu, dada," akamwambia Mama Cherehani alipompita. "Kesho tunaongea." Na Mama Cherehani, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, hakujua aweke wapi mikono yake.

Gari jeupe likaingia nafasi ya nne. Mwana akavuta hendibreki. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kiunoni.

"Tumefika, baba."

"Tumefika wapi?"

"Nyumbani."

"Kijana, usinichezee." Mwalimu hakugusa mlango. "Hapa pana gari jekundu. Nimeliona kwa macho yangu."

"Limeondoka, baba. Hapa ni petu. Ngazi zile pale."

"Mwenyewe atarudi. Mimi siwafundishi watu kuegesha mahali pa wenzao." Aliangaza huku na huku. "Hapa sipajui. Nipeleke kwetu. Kwetu ni mbele kidogo."

Mama Cherehani alikuwa amefika dirishani. Aliyasikia yote. Mume na mke walitazamana, na kila mmoja aliliona kufuli machoni mwa mwenzake.

"Rivasi ni ipi, Mwalimu?" mume akauliza.

Uso wa mzee ukanyooka. "Swali zuri. Klachi mpaka chini. Gia huku kwangu, halafu nyuma. Tazama bega lako."

Wakatoka tena. Wakazunguka mtaa, wakarudi, na Mwalimu akasema siyo hapa. Wakazunguka tena. Uani watu waliacha kubishana. Walisimama tu, hawaelewi washangilie au wanyamaze, wanalitazama gari lililoitwa chuma likipita getini mara ya tatu, mara ya nne. Bibi wa ghorofa ya tatu akauliza kutoka juu kama kuna mtu anaweza kumweleza kinachoendelea. Karani alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ngazi, jalada limefungwa.

Kwenye kona, mara ya tano, gari lilikata bila kuzima.

"Mkono wako umetulia sasa," Mwalimu akasema. "Nani alikuanzisha?"

"Baba yangu."

"Alikuwa mpole?"

Mwana aliminya usukani mpaka vidole vikauma. Geti lilikuwa linaonekana mbele, na mkewe amesimama hapo, mkono mmoja mdomoni.

"Leo, ndiyo," akasema. "Leo alikuwa mpole sana."

"Ukifika kwenu mwambie asante."

"Asante."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. Mwana akapunguza mwendo, akachungulia ndani ya geti. Nafasi ya nne ilikuwa bado tupu.

"Ni hapa, Mwalimu?"

Mwalimu alitazama kwa muda mrefu: jengo, ngazi, mwanamke mwenye sindano kwenye kola aliyekuwa anatokwa na machozi getini.

"Siyo hapa," akasema kwa upole. "Nenda mbele kidogo."

Mwanawe akaingiza gia, akaenda.